Kardinali Ambaye Hakuwahi Kusoma Misa

Kwa Mkatoliki wa Tanzania au Kenya, kardinali ni askofu mkuu mwenye mvi, aliyeanza na upadre ujanani, akatumikia jimbo miaka mingi, hadi siku jina lake liliposomwa Roma. Picha hiyo tumeipata kwa watu tuliowaona wenyewe au tuliosimuliwa na wazazi: Laurean Rugambwa, aliyepewa kofia nyekundu mwaka 1960, kisha Maurice Otunga wa Nairobi mwaka 1973, na waliowafuata. Wote walikuwa mapadre, wote walikuwa maaskofu. Kardinali ninayemwandika hapa, Ercole Consalvi, hakuwa padre wala askofu.

Rudi nyuma miaka 200 hadi 400 uone jinsi picha hiyo inavyovunjika. Luis Antonio, mtoto wa mfalme wa Hispania, alifanywa kardinali mwaka 1735 akiwa na umri wa miaka minane, akakabidhiwa na mapato ya jimbo kuu la Toledo. Alipokua akaona hana wito, akajiuzulu mwaka 1754, na mwaka 1776 akaoa. Jules Mazarin, Mwitaliano aliyeitawala Ufaransa kwa niaba ya mfalme mtoto, Louis wa 14, alikuwa kardinali kuanzia 1641 hadi alipofariki 1661, na muda wote huo hakuwa padre. Henry Stuart, mjukuu wa mfalme wa Uingereza aliyefukuzwa nchini kwake, alivikwa nyekundu mwaka 1747 akiwa na miaka 22. Kaka yake alipofariki mwaka 1788 bila mrithi halali, wafuasi wa ukoo huo walimwita Mfalme Henry wa Tisa, ilhali yeye alikuwa Frascati, nje kidogo ya Roma, akiongoza jimbo lake kama askofu.

Ni rahisi kusoma habari hizi na kusema Kanisa lilikuwa limeoza, basi. Kuoza kulikuwepo, na kesi ya mtoto wa miaka minane sioni namna ya kuitetea. Ila hukumu hiyo ya jumla inafunika watu ambao mimi nawapenda sana, nao ndio walionisukuma kuandika. Mimi ni katibu wa halmashauri ya walei katika parokia yetu. Kazi yangu ni mihtasari ya vikao, barua kwa dekano, hesabu za michango, na kupatanisha watu waliogombana juu ya kiwanja. Sijawahi kupanda altareni isipokuwa kusoma somo. Kwa hiyo nilipokutana na habari za Ercole Consalvi, kardinali aliyelihudumia Kanisa maisha yake yote kwa kalamu na meza, nilimfuata kila alipoelekea.

Kwanza tuelewe mfumo wenyewe, maana bila huo Consalvi haeleweki. Ukardinali ni cheo, si daraja takatifu kama ushemasi, upadre na uaskofu. Makardinali waligawanywa katika makundi matatu, la maaskofu, la mapadre na la mashemasi, na mwaka 1586 Papa Sixtus wa Tano aliweka kikomo cha watu 70, kati yao 14 wakiwa wa kundi la mashemasi. Tena Papa wa wakati ule hakuwa kiongozi wa dini peke yake. Alikuwa mfalme wa nchi halisi katikati ya Italia, kuanzia Roma kupanda hadi Bologna na Ferrara, yenye kodi, mahakama, jeshi, bandari, madaraja yanayobomoka na bei ya mkate inayopanda. Nchi hiyo ilihitaji mawaziri na majaji. Kijana wa familia bora akisoma sheria aliingia katika utumishi wa Papa, akavaa mavazi ya kikleri, akaitwa Monsinyori, akapanda ofisi moja baada ya nyingine. Upadre haukuwa sharti. Aliyefika juu kabisa katika ofisi hizo alivikwa kofia nyekundu na kuingia kundi la mashemasi. Sheria ya kwamba kardinali lazima awe walau padre ilikuja mwaka 1917, na ile ya kwamba awe askofu ni ya Papa Yohane wa 23, mwaka 1962. Kardinali wa mwisho asiye padre, Teodolfo Mertel, mwanasheria, alifariki mwaka 1899.

Consalvi alizaliwa Roma mwaka 1757, akafiwa na baba angali mdogo. Alisoma Frascati, katika seminari iliyokuwa chini ya yule Henry Stuart, na mzee akampenda kama mwanawe. Baadaye akasomea sheria na utumishi wa Kanisa Roma. Alipenda muziki, hasa wa Cimarosa, ambaye alikuwa rafiki yake wa karibu, na alipenda kusafiri. Mwaka 1792 alipewa kiti cha ujaji katika Rota, mahakama kuu ya Papa, kazi yenye heshima na likizo ndefu. Kwa maelezo yake mwenyewe, huko ndiko alikotamani kubaki.

Ufaransa haikumwachia nafasi hiyo. Jeshi la Mapinduzi lilipoingia Italia, Consalvi alikuwa amekabidhiwa uangalizi wa jeshi dogo la Papa. Desemba 1797 jenerali Mfaransa, Duphot, aliuawa katika ghasia mjini Roma, na Wafaransa wakapata sababu waliyokuwa wakiitafuta. Februari 1798 waliuteka mji. Papa Pius wa Sita, mzee wa miaka 80, alichukuliwa mateka, na Consalvi akafungwa katika ngome ya Castel Sant'Angelo kisha akafukuzwa nchini. Papa alifia Valence, Ufaransa, Agosti 1799. Watu wengi wa Ulaya waliamini hakutakuwa na Papa mwingine.

Makardinali 35 walikutana Venezia, katika monasteri ya kisiwa cha San Giorgio Maggiore, chini ya ulinzi wa Austria. Walihitaji katibu wa mkutano, wakamchagua Consalvi, ambaye hakuwa hata kardinali. Mkutano ulianza mwishoni mwa Novemba 1799 na kukwama miezi mitatu na zaidi, kura zikigawanyika kati ya makardinali Bellisomi na Mattei bila yeyote kufikisha theluthi mbili. Katibu hana kura. Ana mlango, ana karatasi, ana nafasi ya kuongea na kila upande. Consalvi alikuwa miongoni mwa waliolipeleka polepole jina la tatu, la mmonaki mpole Barnaba Chiaramonti, askofu wa Imola, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amehubiri siku ya Noeli kwamba demokrasia haipingani na Injili. Machi 14, 1800 Chiaramonti akawa Pius wa Saba. Austria, iliyokuwa na mtu wake, iliwanyima Basilika la Mtakatifu Marko kwa sherehe, hivyo akavikwa taji palepale kisiwani, taji lililotengenezwa kwa karatasi na gundi kwa sababu mataji ya kweli yalikuwa yameporwa.

Agosti mwaka huohuo Consalvi akawa kardinali na Katibu Mkuu wa serikali ya Papa. Alikuwa na miaka 43. Baadaye alipata ushemasi, na hapo ndipo daraja takatifu zilipokomea kwake. Hakuwahi kuadhimisha Misa wala kuketi katika kitubio.

Mwaka uliofuata Napoleon, wakati huo Konsuli wa Kwanza, yaani mtawala, wa Ufaransa, alitaka mkataba na Papa. Hakuwa mcha Mungu. Alikuwa ametambua kwamba wakulima wa Ufaransa hawataacha dini yao na kwamba hatatawala kwa amani akiendelea kupigana nao. Mazungumzo yalipokwama, Papa alimtuma Consalvi Paris. Alifika Juni 1801 katika mji ambako, miaka minane tu kabla, kanisa kuu la Notre-Dame lilikuwa limegeuzwa na wanamapinduzi kuwa hekalu la kutukuza Akili ya binadamu. Napoleon alimpa siku chache awe ametia sahihi.

Sehemu hii naipenda kuliko zote. Baada ya majuma ya rasimu juu ya rasimu pande mbili zilikubaliana, na Julai 13 wajumbe wakakutana nyumbani kwa Joseph Bonaparte, kaka yake Napoleon, kutia sahihi. Consalvi, kwa mujibu wa kumbukumbu zake, alishika kalamu, lakini kabla ya kuandika akapitisha macho kwenye karatasi iliyowekwa mbele yake. Haikuwa ile waliyokubaliana. Vifungu vilivyokataliwa vilikuwa vimerudishwa humo. Akaiweka kalamu chini. Walikaa mezani tangu alasiri ile, usiku kucha, mpaka mchana wa siku ya pili, wakaandika upya kila kifungu, na kimoja kikawashinda.

Julai 14 ilikuwa siku ya karamu ya taifa, na Napoleon alikuwa amepanga kutangaza mkataba mbele ya wageni. Alipomwona Consalvi akamjia juu mbele ya watu wote, akatishia kufanya kama Henry wa Nane wa Uingereza, ajitenge na Roma na kuivuta Ulaya nzima nyuma yake. Akamuuliza, unaondoka lini basi? Consalvi akajibu: "Baada ya chakula, Jenerali." Akaketi, akala. Kesho yake walikutana tena kwa saa nyingi, na usiku wa manane mkataba ukatiwa sahihi.

Kifungu kilichowashinda kilihusu ibada za hadharani. Ufaransa ilitaka iandikwe kwamba ibada zitafuata kanuni za polisi. Mtu aliyechoka angeona ni maneno tu na angesaini akalale. Consalvi aliona kwamba kwa maneno hayo waziri yeyote angeweza kufunga kanisa lolote siku yoyote. Mwisho alikubali kanuni za polisi kwa nyongeza moja: zile ambazo serikali itaona ni za lazima kwa utulivu wa umma. Nyongeza hiyo fupi iliyabana madaraka ya serikali ndani ya sababu moja inayoweza kuhojiwa. Aliyewahi kuandika muhtasari wa kikao chenye mgogoro ataelewa kwa nini nilisimama nikashangilia niliposoma hapo.

Alikuwa ametoa vingi. Mali ya Kanisa iliyouzwa wakati wa Mapinduzi haikurudi. Ukatoliki haukuwa tena dini ya dola, ukaandikwa kuwa dini ya raia walio wengi. Konsuli ndiye angeteua maaskofu, na majimbo yakapunguzwa yakawa 60. Jambo chungu kuliko yote, maaskofu wa zamani waliokuwa bado hai, wengi wao uhamishoni kwa sababu ya uaminifu wao kwa Roma, walitakiwa wajiuzulu wote. Zaidi ya 30 walikataa. Nimejaribu kujiweka katika nafasi yao, na siwezi kuwalaumu. Miaka kumi ya ufukara ugenini kwa ajili ya Papa, kisha barua ya Papa inayokuomba uachie kiti! Hata hivyo makanisa yalifunguliwa, watoto walibatizwa hadharani, na kuna tokeo ambalo hata Napoleon hakuliwaza: Papa alikuwa ameonyesha kwamba anaweza kuwaondoa maaskofu wa taifa zima, katika nchi ambayo kwa karne nyingi ilijivunia kumwekea Papa mipaka.

Mwaka 1802 Napoleon aliutangaza mkataba akiwa ameubandikia vifungu 77 vya kwake, ambavyo Roma haikuviona kabla. Huyo ndiye mtu waliyekuwa wakishughulika naye. Aliendelea kubana hadi akadai Papa afunge bandari zake kwa Waingereza. Consalvi alipokuwa kikwazo, Napoleon alitaka aondolewe, naye mwaka 1806 akajiuzulu mwenyewe ili asiwe kisingizio. Haikusaidia. Mwaka 1809 Ufaransa ilimeza nchi ya Papa, Papa akawatenga na Kanisa waliohusika, na usiku wa kuamkia Julai 6 Jenerali Radet na askari wake wakavunja milango ya ikulu ya Quirinale. Papa aliondolewa kwa gari la farasi lililofungwa, pamoja na Kardinali Bartolomeo Pacca. Njiani wawili hao wakapekua mifuko yao wenyewe. Mtawala wa Roma na waziri wake walikuwa na jumla ya bayoki 35, chenji ndogo kabisa. Wakacheka, anasimulia Pacca.

Makardinali wengine walikusanywa Paris, Consalvi akiwemo. Hapo ukatokea mtihani wa Aprili 1810. Napoleon, ambaye sasa alikuwa Kaisari, alikuwa amemwacha Joséphine ili amwoe binti wa Kaisari wa Austria, Marie-Louise. Ndoa ya kwanza ilibatilishwa na mahakama ya Kanisa ya Paris, wakati kwa desturi kesi za ndoa za watawala zilikuwa za Papa mwenyewe, na Papa alikuwa mfungwa. Makardinali 13 waliamua kwamba wakihudhuria watakuwa wamekubali kwamba haki ya Papa inaweza kurukwa. Hawakutoa tamko wala hawakupinga hadharani. Siku ya ndoa ya kanisani, Aprili 2, katika jumba la Louvre, viti vyao vilikuwa vitupu.

Kesho yake wageni wote waliitwa kuwapongeza maarusi. Makardinali 13 walikwenda pia, wakangoja kwa muda mrefu, kisha afisa akatoa amri kwamba wasiohudhuria ndoa watoke, mbele ya maseneta, mawaziri na mabalozi. Wakanyang'anywa mapato na mali, na wakakatazwa kuvaa nyekundu. Tangu siku hiyo walivaa nguo nyeusi kama mapadre wa kawaida, watu wakawaita makardinali weusi, na serikali ikawatawanya wawiliwawili katika miji ya Ufaransa. Consalvi alipelekwa Reims na Kardinali Brancadoro. Posho ya serikali aliikataa.

Huko Reims ndiko alikoandika kumbukumbu zake, kwa siri na kwa haraka, bila hati yoyote mezani, akihofu kushtukizwa wakati wowote. Wanahistoria wameonyesha kwamba mahali pengine anachanganya tarehe na pengine anajipamba kidogo. Nazisoma nikijua hivyo. Ila mtu huyohuyo aliyekubali kupoteza ardhi zote za Kanisa la Ufaransa mwaka 1801 ndiye aliyekubali kupoteza kila alichokuwa nacho mwaka 1810 kwa sababu ya kiti kimoja katika arusi. Kwenye mali, mipaka na vyeo alikuwa mwepesi kuachia. Kwenye haki ya Papa ya kuamua mambo ya sakramenti hakusogea, na alizitenganisha aina hizo mbili haraka kuliko watu wengi watakatifu waliomzunguka.

Napoleon alipoanguka mwaka 1814, Papa alimrudishia Consalvi ofisi yake na kumtuma kwa wafalme. Alikwenda hadi London, ambako kardinali hakuwa ameonekana kwa zaidi ya miaka 200 na ambako Mkatoliki bado hakuruhusiwa kukaa bungeni, akapokewa kwa heshima na Mwanamfalme aliyekuwa akitawala kwa niaba ya baba yake. Huyo alimpenda kiasi kwamba baadaye alimtuma mchoraji Thomas Lawrence hadi Roma, mwaka 1819, awachore Papa na kardinali wake. Picha hizo zimo hadi leo katika ukumbi wa Waterloo kwenye kasri la Windsor, pamoja na wafalme na majenerali walioshinda vita. Kutoka London akaenda Vienna. Kwenye mkutano mkuu wa Ulaya hakuwa na jeshi wala fedha, akakaa meza moja na Metternich wa Austria, Castlereagh wa Uingereza na Talleyrand wa Ufaransa, askofu wa zamani aliyeasi, na akatoka Juni 1815 na karibu nchi yote ya Papa mkononi. Avignon ilibaki Ufaransa, na Austria ikapata haki ya kuweka askari Ferrara. Mengine karibu yote yalirudi.

Kutawala kulikuwa kugumu kuliko kudai. Amri kubwa ya Julai 1816 iliyotoka ofisini kwake ilipanga upya mikoa na kufuta mateso katika mahakama. Alitaka kuhifadhi mambo mazuri ya utawala wa Kifaransa, na kundi la makardinali wakali lilimchukia kwa hilo. Lakini sitamfanya malaika. Katika urejesho huohuo Wayahudi wa Roma, walioishi huru chini ya Wafaransa, walirudishwa kwenye geto, mtaa waliotengewa kwa lazima. Serikali yake ilikuwepo, saini yake ilikuwepo, na usikivu wake wa ajabu kwa kila neno la mkataba haukuwafikia watu hao walioishi umbali mfupi kutoka mezani pake.

Julai 1823 Papa, mwenye miaka 80, alianguka chumbani akavunjika nyonga. Siku chache baadaye Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, ambako Pius aliwahi kuishi akiwa mmonaki kijana, liliungua. Consalvi aliamuru mgonjwa asiambiwe, na Papa akafariki Agosti 20 bila kujua. Septemba wale wakali walimchagua Annibale della Genga, Leo wa 12, mtu ambaye Consalvi aliwahi kumkaripia vikali Paris mwaka 1814 kwa kuchelewa katika ujumbe wake. Consalvi akaondoka ofisini siku ileile, akiwa mgonjwa. Miezi michache baadaye Leo alimwita, akamsikiliza kwa muda mrefu juu ya hali ya Kanisa duniani, akabadili mawazo kiasi cha kumpa uongozi wa Propaganda Fide, idara iliyosimamia nchi zote za misheni. Hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Alifariki Januari 24, 1824, akiwa na miaka 66.

Wosia wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kupanga mambo. Alitenga fedha za kaburi la Pius wa Saba ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, na kazi akampa Thorvaldsen, mchonga sanamu wa Denmark, Mlutheri, kwa kuwa baada ya kifo cha mchongaji Canova hakumwona mwingine wa kiwango hicho Roma. Wapo waliolalamika. Kaburi lilikamilika mwaka 1831. Yeye mwenyewe aliagiza azikwe na mdogo wake Andrea, aliyefariki mwaka 1807, katika kanisa la San Marcello kwenye barabara ya Corso. Na vile visanduku vya thamani vya ugoro alivyozawadiwa na wafalme kila alipotia sahihi mkataba, vilivyopambwa kwa dhahabu na almasi, aliagiza viuzwe ili fedha zimalizie nyuso, yaani kuta za mbele, za makanisa ya Roma yaliyobaki bila kukamilika. Sant'Andrea delle Fratte, dakika chache kwa miguu kutoka San Marcello, ilipata sehemu ya juu ya uso wake kwa urithi huo mwaka 1826.